Samaki wa Dimbwi la Mihogo

6 Desemba 2024

Madimbwi yamejaa. Nimekuja Nanyendo kwa bodaboda kutoka Rahaleo mjini, masanduku mawili ya chupa yamefungwa nyuma na jiko la mafuta ya taa nimelipakata, na dereva njia nzima ananiuliza kama nimeachika. Nikamwambia sijaachika, natafuta samaki. Akacheka mpaka pikipiki ikayumba.

Profesa ameniagiza niwe na daftari la pili, la mambo yasiyo na namba. Haya, ndilo hili. Jambo la kwanza lisilo na namba: nimechoka. Huu ni msimu wangu wa nne, na chuo kimeshasema ni wa mwisho. Ikifika Juni sijakabidhi tasnifu, jina langu linafutwa. Nina miaka arobaini na minne, na mmoja wa wanafunzi niliowafundisha kushika wavu ndiye siku hizi anayekagua ripoti zangu.

Samaki wenyewe ni wadogo, hawazidi kidole. Wanaishi kwenye madimbwi ya mvua. Kiangazi kikija wote hufa, mayai hubaki ndani ya tope kavu, na mvua ikirudi huanguliwa. Kila mwaka kizazi kimoja. Kwenye Dimbwi la Juu, karibu na majaruba ya mpunga, madume yana mkia mwekundu. Kwenye Dimbwi la Chini, mwendo wa robo saa tu, mkia ni wa njano. Nataka kujua kama hawa bado ni spishi moja au wameshaachana wakawa mbili. Na kama wameachana, nani kawaachanisha, maana kila mwaka mafuriko hushusha wekundu kwa wa njano.

7 Desemba

Tope. Nimeanguka mara tatu.

12 Desemba

Nimepanga tena kwa Bibi Francisca. Alivuka Ruvuma akiwa msichana, amefungwa na mama yake kwa kamba ya mkonge wasipoteane, wakati wa vita vya ng'ambo. Sasa ana shamba la mihogo, mikorosho kumi na mmoja, na mjukuu mmoja, Marlene, wa miaka sita, ambaye mama yake anafanya kazi Pemba ya Msumbiji. Bibi ananiita mwanangu. Marlene ananiita Mama Samaki.

"Mwanangu, mwaka jana ulisema unamaliza," Bibi akaniambia wakati napanga chupa.

"Nilisema, Bibi."

"Na hawa samaki hawajakwambia wanachotaka?"

25 Desemba

Bibi alikwenda kanisani, akarudi, tukala kuku. Mimi Mwislamu na yeye Mkatoliki, kuku hakuuliza. Marlene alikimbia na watoto wenzake mpaka magharibi, nikawa nawasikia wakipita nyuma ya nyumba wakipiga kelele.

3 Januari 2025

Mvua siku mbili bila kupumua. Maji yametoka majarubani yakashuka mpaka Dimbwi la Chini. Sampuli za leo haziwezekani. Nimelala mchana, na hata kulala kumenichosha.

5 Januari

Leo nimekasirika na bado nina hasira.

Nimefika Dimbwi la Chini saa moja asubuhi. Wanawake wanane wapo ndani ya maji mpaka magotini, wanapanga mihogo iliyomenywa chini ya mawe. Hii ni mihogo michungu, ile ya sumu. Wakati wa kiangazi huimenya na kuianika iwe makopa, lakini wakati wa mvua hakuna jua la kuanikia, kwa hiyo huiloweka siku nne mpaka ilainike na sumu itoke. Waliotangulia kuloweka walikuwa wameshaitoa yao. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Na ukingoni, samaki wangu wamekufa. Nimewahesabu: arobaini na mmoja. Mvua ilianza tena nikiwa nimeinama, nikawasomba wote nikawatia kwenye chupa ya spiriti bila hata kuwatazama vizuri. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Miaka minne ya maisha yangu inalowekewa mihogo!

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Fadhili. Ni mtu mpole anayependa karatasi. Nilimweleza kwamba dimbwi lile huenda lina samaki wasiopatikana mahali pengine duniani, na wanauawa.

"Andika barua, mtafiti," akasema. "Iwe na mhuri."

Nikaiandika palepale mezani kwake, ukurasa mmoja na nusu. Mhuri wa mradi ninao. Niliugonga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

9 Januari

Kibao kimewekwa Dimbwi la Chini: MARUFUKU KULOWEKA MIHOGO. HIFADHI YA SAMAKI. Mgambo anapita asubuhi na jioni. Profesa kapiga simu kunipongeza. Kasema jambo kama hili huwapendeza wafadhili.

Jioni nilimkuta Bibi Francisca anamenya mihogo, ameweka ndoo mbili mlangoni.

"Dimbwi la Juu si lipo, Bibi?" nikamwuliza.

"Lile la watu wa mpunga. Maji yao wanayalinda kwa panga."

"Basi kwenye ndoo itatosha?"

"Itabidi itoshe, mwanangu."

14 Januari

Kupima urefu wa samaki. Mia mbili na sita.

15 Januari

Kupima urefu wa samaki. Mia na tisini. Macho yanauma. Nimepeleka vipande vya mapezi mjini vipakiwe kwenda maabara Dar es Salaam: vya Juu, vya Chini, na vya wale arobaini na mmoja waliokufa, kwa ukamilifu tu.

27 Januari

Mvua imekatika. Hata wingu hakuna. Makopa ya Bibi ya kiangazi yamekwisha, kama ya kila mtu, na mahindi bado mabichi. Ni miezi ya njaa; kijiji kizima kinakula muhogo asubuhi na jioni. Leo nilionja ugali wa Bibi, ukaniwasha ulimi kwa uchungu. Nikasema tumbo linasumbua, nikarudi chumbani nikapika wali wangu na dagaa.

Naongeza baadaye: nimeandika hayo kama mambo ya kawaida. Nilikuwa nayaona ya kawaida.

4 Februari

Jua. Kisima cha pampu kinatoa maji kwa saa mbili tu, foleni inaanza alfajiri. Bibi anapata ndoo nne: mbili za kunywa na kupikia, moja ya kuoga sote watatu, moja ya mihogo. Anailoweka siku moja, kisha anaitoa, maana kuna mihogo mingine inasubiri ndoo.

11 Februari

Majibu ya maabara yamekuja kwa simu. Nimeyasoma nimesimama juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao.

Samaki wa Juu na wa Chini wametengana mbali kuliko nilivyothubutu kuota. Ni spishi mbili. Ningepaswa kurukaruka. Lakini chini kabisa kulikuwa na mstari wa wale waliokufa tarehe tano Januari. Wote arobaini na mmoja ni wa Dimbwi la Juu. Hakuna hata mmoja wa Chini.

Nilishuka kichuguuni nikaenda kuifungua ile chupa. Rangi imepauka kwa spiriti, lakini ukimshika samaki kwenye mwanga unauona ule mstari mweusi unaofuata wekundu wa mkia. Ulikuwepo siku zote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuona. Mimi sikutazama, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na nilishajua nani mwenye kosa.

12 Februari

Nimefanya jaribio. Mabeseni mawili, maji ya ndoo ya Bibi yaliyotoka kwenye mihogo. Wekundu sita huku, wa njano sita kule. Baada ya dakika ishirini wekundu wote wanaelea tumbo juu. Wa njano wanaogelea. Nimekaa nao saa tano. Wanaogelea tu, dume mmoja hata akaanza kumchumbia jike.

Sasa naielewa hadithi yote. Tangu enzi za mabibi wa mabibi, wanawake wameloweka mihogo pale kila masika. Samaki wasioweza kustahimili sumu walikufa, waliostahimili wakaacha mayai, mwaka hadi mwaka. Na kila mafuriko yakiwashusha wekundu, mihogo inawamaliza kabla hawajazaa na wa njano. Akina mama ndio waliowatenga. Bila mihogo pale hakuna spishi ya pili. Barua yangu haikuwalinda samaki. Imewafungulia mlango wekundu.

Lazima niende kwa Mwenyekiti nikafute ile barua. Kesho.

13 Februari

Sikwenda. Nimerudia jaribio kwanza. Majibu yaleyale.

15 Februari

Profesa anasema tusubiri. "Ukiifuta barua mwezi mmoja baada ya kuiandika, Sharifa, nani atakuamini kwa lolote lingine? Malizia data, tutaandika kwa utaratibu mwishoni mwa msimu." Nilijua nimkatalie. Badala yake nilimshukuru.

17 Februari

Bado sijaenda. Jua.

18 Februari

Nimekutana na Bwana Fadhili njiani. Akaniambia kibao kimepakwa rangi upya. Nikasema vizuri. Mdomo wangu mwenyewe huo.

20 Februari

Jua. Kupima. Bado.

22 Februari

Marlene ameanguka mara mbili akitoka chooni. Bibi kasema mtoto amekuwa mvivu wa kunyanyua miguu. Nami nimerudi kupima.

24 Februari

Naandika hospitalini mjini, kwenye benchi la nje, goti langu ndio meza.

Asubuhi Bibi alinigongea. Hakupiga kelele, aligonga tu, akasema, "Mwanangu, njoo umtazame huyu." Marlene alikuwa ameketi kitandani. Alitaka kusimama, miguu ikakakamaa, imenyooka mbele yake, vidole vimeelekea chini, inatetemeka. Halii. Anaitazama kama si yake. Nilipojaribu kumkunja goti lilikataa kama limepigwa msumari.

Tulimweka kati yetu kwenye bodaboda, Bibi nyuma, mimi mgongoni mwa dereva, yeye katikati miguu imetokeza upande mmoja. Njia nzima nilikuwa naishikilia isigonge vichaka.

Muuguzi wa zamu, Upendo, ni mtu wa Newala. Alimwangalia mara moja tu, akauliza, "Mnakula nini nyumbani?"

"Muhogo," Bibi akasema.

"Mchungu?"

"Mchungu."

"Mnauloweka siku ngapi?"

Bibi akanitazama mimi kwanza. Hakunitazama kwa chuki, nadhani alikuwa anataka nimsaidie kueleza, kwa kuwa mimi ndiye msomi.

"Moja," akasema. "Zamani nne."

Daktari akalitaja jina la ugonjwa: konzo. Sumu ya muhogo ikiingia mwilini kila siku kwa wiki nyingi, na mtoto hana samaki wala maharage ya kumpa nguvu ya kuivunja, inaharibu mishipa inayoamrisha miguu. Huja ghafla. Ukame huzidisha sumu. Hauui, na hauponi. Mazoezi yatasaidia, atatembea, huenda kwa fimbo. Kukimbia, alisema, tusimwahidi.

Nimeketi hapa nahesabu. Kutoka tarehe tisa Januari mpaka leo ni siku arobaini na sita. Hizo ni za ujinga wangu. Kutoka tarehe kumi na mbili Februari mpaka leo ni siku kumi na mbili. Hizo nilikuwa najua. Nilimwuliza daktari kama siku kumi na mbili zingebadilisha kitu. Akasema hakuna anayeweza kusema. Nilikuwa naomba aseme hapana.

2 Machi

Mwezi umeandama, leo tumeanza kufunga. Nipo Rahaleo kwa mama, nampelekea Bibi chakula wodini. Mama ananiuliza kwa nini silali. Nimemwambia joto.

6 Machi

Nimerudi Nanyendo peke yangu kuandika barua ya pili. Bwana Fadhili aliisoma amesimama.

"Hii inasema ya kwanza ilikuwa na makosa."

"Ndiyo."

"Makosa ya nani?"

"Imeandikwa hapo, Mwenyekiti. Ya kwangu."

Akaitazama tena, akaigeuza nyuma. "Lakini ile ilipita mkutanoni. Hii nayo itapita mkutanoni. Na utasema mwenyewe."

8 Machi

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, saa kumi jioni. Bibi Francisca alikuwepo. Alishuka kutoka mjini asubuhi ileile, Marlene akabaki wodini na Upendo.

Nimewaeleza kwa Kiswahili cha kawaida. Kwamba samaki waliokufa hawakuwa wa dimbwi lile. Kwamba wa dimbwi lile wameizoea sumu tangu zamani, na mihogo ndiyo inayowafanya wawe walivyo. Kwamba kibao kile kilikuwa kosa langu, na naomba king'olewe leo.

Kisha mama mmoja nyuma, simjui jina, akauliza, "Weye ulijua lini?"

Ningeweza kusema juzi. Hakuna mtu uwanjani pale anayejua kusoma jibu la maabara. Hata barua yangu haikutaja tarehe. Nilikuwa nimeiacha kwa makusudi, nakiri hapa.

"Tarehe kumi na mbili Februari," nikasema.

Bibi Francisca alikuwa ameketi mbele kwenye mkeka. Nilimwona anahesabu kwa vidole, taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili, kisha akarudia viwili vya kwanza. Alipomaliza akakunja mikono mapajani.

Kibao kiling'olewa magharibi. Wanawake walikwenda na vikapu kabla sijafungua saumu.

9 Machi

Bibi ameniwekea maji ya kuoga kama kawaida. Niliposema naenda kuyachukua, alisema, "Maji yako yale, mtafiti." Haniiti tena mwanangu.

15 Machi

Mvua imerudi. Tope, mabeseni, saumu. Tarehe tisa, Dimbwi la Chini nilikuta wekundu watatu wakubwa wazima, walioingia wakati lilipofungwa. Baada ya siku nne za mihogo hawapo.

31 Machi

Idi. Nimelala.

10 Aprili

Marlene amerudi. Anasimama akishika ukuta, anakwenda kwa ncha za vidole, magoti yanagongana. Ameniuliza kama nimewapima samaki wote. Nikasema karibu. Akasema basi nimsubiri, atanihesabia.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo kwa muda mrefu. Nimeshapita umri wa kulia kwa siri, lakini sikutaka kumlilia mtoto mbele yake kwa kosa langu mimi.

26 Aprili

Madimbwi yanapungua. Samaki wameanza kufa kwa uzee wao, miezi mitano tu. Profesa hajawahi kuwa na furaha hivi. Jarida kubwa linaitaka habari yetu: samaki walioumbwa na mihogo. Ameniambia ile habari ya barua na kibao haina nafasi kwenye makala ya sayansi. Na kwamba mimi, kama mgunduzi, ndiye nitakayempa samaki wa njano jina. Tasnifu itapita. Nilikaa na simu mkononi nikitafuta furaha yangu iko wapi.

3 Mei

Nafunga masanduku. Fomu ya jina ipo mezani. Nilikuwa nimelijaza kwa kalamu ya risasi tangu juzi, na leo jioni nikaenda kuomba ruhusa.

Bibi alikuwa uani, amemlaza Marlene kwenye mkeka, anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi kama walivyomwelekeza hospitalini. Mtoto alikuwa amesinzia.

"Bibi," nikasema, "wanataka yule samaki wa njano apewe jina, la duniani kote. Nimefikiria nimpe la Marlene."

Aliendelea kukanda mpaka akamaliza mguu mmoja.

"Huyo samaki ndiye aliyezoea sumu?"

"Ndiye."

"Alizoeaje?"

"Walioshindwa walikufa, Bibi. Wengi sana, miaka mingi. Waliobaki ndio hao."

Akaushika mguu wa pili, akauweka mapajani mwake.

"Usimpe jina la mjukuu wangu," akasema. "Sisi hatukuizoea sumu, mtafiti. Sisi tulikuwa tunaiosha."

Nilikaa pale mpaka akamaliza, nikamshikia chupa ya mafuta.

Nimerudi chumbani nikalifuta lile jina. Nimeandika la kijiji. Na kwenye fomu hiyohiyo, mahali pa kueleza makazi ya samaki, nimeandika kwa wino: dimbwi la kulowekea mihogo michungu, kazi ya wanawake wa Nanyendo, lilifungwa kuanzia 9 Januari hadi 8 Machi 2025 kwa kosa la mwandishi, na mtoto mmoja amepoteza miguu yake. Profesa ataikata sentensi hiyo. Nitairudisha.